Safu ya Nne katika Daftari la Majina

Katika ofisi ya kusajili vizazi, ambako alitumikia ukarani miaka thelathini na minne, wote walimwita Bwana Asili. Mzazi akitaja jina la mtoto, kalamu ya karani huyo ilisimama kwanza.

"Feruzi? Hilo ni la Kiajemi. Maana yake mshindi."

"Kiajemi wapi! Ni jina la babu yangu," baba mmoja alibisha.

"Basi babu yako alivaa jina lililotembea kuliko yeye."

Kila jina aliliingiza katika daftari lake lenye jalada gumu na safu nne: jina, lugha lilikotoka, maana, na mwisho tarehe pamoja na sababu ya kulitafuta. Wenzake walistaafu na maumivu ya mgongo. Yeye alistaafu na daftari.

Mkewe aliitwa Lulu. Enzi za uchumba Bwana Asili alimweleza kwamba Raheli, jina alilopewa na wazazi wake, maana yake ni lulu. Mtaa mzima ukalishika, naye akalivaa kama kidani. Kwa hiyo binti yao alipojifungua mtoto wa kike, shauri lilikuwa moja: mjukuu awe somo wa bibi yake. Binti alitaka maana iandikwe kwenye kadi na kutiwa fremu.

"Baba, nipe daftari ninakili."

"Andika tu 'lulu', mwanangu. Daftari lina vumbi."

Kabla hajamaliza kusema, binti alikwisha kulifungua mezani, mama yake kando akiwa amempakata mtoto.

"Raheli. Kiebrania. Kondoo jike."

"Kondoo?" Lulu aliuliza polepole. "Na lulu ni nani?"

Binti akarudi nyuma kurasa nne. "Margareti. Kigiriki. Lulu. Miezi miwili kabla ya jina lako, Mama. Sababu…" Akafunika ukurasa kwa kiganja.

"Soma."

"'Kwa ajili ya mpiga chapa wa chumba cha pili.'"

"Alinikataa," alisema Bwana Asili, kana kwamba huo ni utetezi.

"Alikukataa, ukaniletea mimi kiporo!"

"Mke wangu, uchumba wenyewe ulikuwa mchanga. Ningekuitaje kondoo?"

Binti alishusha kalamu. "Basi, Mama, tumtafutie mtoto jina jingine."

"Thubutu! Andika kondoo jike, kwa herufi kubwa. Kondoo ana sufu, ana maziwa, na ukimchokoza ana kichwa. Lulu ina nini zaidi ya kukaa sandukuni?" Akamgeukia mumewe. "Na wewe, mali ya mpiga chapa usiniite tena. Jina langu unalijua."

Alasiri ile Bwana Asili alipoteza miwani. "Lu…" Akajisahihisha. "Raheli!"

Aliita tena, na tena, kila mara kwa heshima zaidi, hadi sauti ikatoka chumbani kwa mtoto:

"Abee! Unamwita yupi? Huku tuko wawili."