Buti za Siku Moja

Tantine Marlène ni mdogo wa mama yangu, na miguu yake inajulikana mtaa wote wa Panda, lakini si kwa uzuri. Kwa miaka saba amesimama ndani ya maji ya kuoshea mawe kuanzia asubuhi mpaka jua linaposhuka. Maji yale yana rangi ya kijani na yanachubua ngozi kama ya kiazi kilichochemshwa. Mwenyewe anaicheka.

"Minye sihitaji bilato," anasema, yaani viatu. "Niko na magome."

Alizaliwa kwenye nyumba za kambi, wakati baba yake alikuwa fundi kiwandani. Alijifunza kushona, lakini cherehani iliuzwa kwenye msiba wa baba huyo huyo. Akaolewa. Mume akaenda kuchimba Kambove na akaoa huko pia. Ndipo akachukua karai na chekeche, akaja kwenye depo ya bosi, patron Damas, kando ya mto, kuosha shaba na kobalti zinazoletwa katika magunia.

Mimi nilimfuata nikiwa na miaka kumi na tatu, nilipoacha shule darasa la tano. Sasa niko na kumi na sita. Siongei sana. Watu husema, "Orpha anaangalia tu, anawaza mambo." Mara nyingi ninawaza bukari tu, ugali wetu.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, kidonda kilifunguka kwenye kifundo cha mguu wake wa kushoto. Muuguzi alikitazama, akatazama dari, akasema, "Mama, ukirudi mu yale maji bila buti, mvua ikiisha tutaongea juu ya kukata."

Tantine alikwenda kwa Damas kuomba buti, mara tatu.

"Buti iko mu njia," Damas akajibu.

"Njia hiyo iko murefu, patron. Labda inakuja kwa miguu."

Wanawake wakacheka. Tantine akarudi majini pekupeku, kwa sababu magunia hayasubiri.

Kisha ikaja habari ya wageni. Ni watu wanaotumwa na wale wanaonunua mawe yetu huko ng'ambo kwa ajili ya betri za simu na magari. Inaonekana huko wateja wameanza kuuliza nani aliyeyaosha. Damas alituita wote, akasema siku ya wageni hakuna mtoto kuonekana depo, na kila mama atakuwa ndani ya buti.

Na kweli buti zikaja. Pea kumi na mbili, nyeusi, za mpira, bado ndani ya katoni. Damas alikuwa ameziazima kwa Kabongo, mwenye duka sokoni.

"Ni za siku moja," akasema. "Kesho saa kumi zinarudi kwa Kabongo. Na zinarudi safi!"

Tantine alijaribu zake. Akaingia majini, akatoka, akavua moja, akapapasa vidole vyake vikavu. Hakutania.

Damas naye alikuwa anakuna kichwa, maana buti zilikuwa zinang'aa kupita kiasi. "Wageni habako bajinga. Bataona kama ni za leo. Orpha! Kesho hauko hapa, lakini leo tumika kazi. Uzizeeshe kidogo. Matope tu, umesikia?"

Nilisikia. Nikapaka matope vizuri kabisa, na hapo ningeacha. Lakini mtu akikaa kimya miaka mingi, mawazo yanajipanga mstari kichwani, na siku yakipata mlango yanatoka yote pamoja. Nikakumbuka shuleni: masœur, yule mtawa, alikuwa anatuandikisha jina kwenye kila kitu, hata rula, ili kijulikane ni cha nani. Nikaona hapa ndipo darasa langu la tano litafanya kazi. Nikachukua feutre, ile kalamu nene ya kuandikia magunia, nikaandika jina la mama atakayeivaa kwenye shingo ya kila buti. Mara ishirini na nne, ulimi nje, mwandiko wa kupendeza.

Nilikuwa ninafikiri Damas atanisifu. Labda atanipa kazi ya kuandika magunia, ile ya kukaa kivulini. Ninasema hivi wazi kwa sababu mtaani wanasimulia vingine.

Wino wa feutre ile hauondoki kwa mvua. Ndiyo sababu inanunuliwa. Nilijua. Nimeuona ukivumilia masika mawili juu ya gunia. Mimi ambaye ninaangalia kila kitu.

Siku ya wageni ilikuwa nibaki nyumbani. Lakini nilikwenda kujificha kwenye kibanda cha depo, nyuma ya magunia, jicho kwenye tundu la bati. Akaja madame mmoja mwenye kofia na kamera, pamoja na bwana wa kumtafsiria. Wakasimama mbele ya Tantine.

"Mama, buti hizi ni zako?" bwana akauliza.

Tantine alimtazama Damas. Damas akatikisa kichwa kumwambia ajibu ndiyo. Tantine akatazama mguu wake.

"Iko na jina yangu," akasema, akauinua juu ya ukingo wa karai. "Soma."

Madame akachuchumaa, akasoma, akapiga makofi. Akapiga picha. Halafu akataka za wote, na bamama wakajipanga, kila mmoja mguu mmoja juu kama korongo. Damas alikuwa anacheka kama mtu anayeng'olewa jino. Madame akasema hajaona depo nzuri hivi. Amechukua majina yote, na baada ya miezi sita atarudi kuzikagua buti hizi hizi, kwenye miguu hii hii.

Nikawaza wale watu wa ng'ambo wataona mguu wa Tantine kwenye simu, watatulia, watairudisha mfukoni na jiwe letu ndani yake. Baada ya hapo nikawaza tena kazi ya kivulini.

Saa kumi Damas alikuwa anasugua buti kwa petroli, kwa mchanga, kwa limau. Kabongo akaja mwenyewe, akainua moja, akasoma.

"Sasa nani atavaa buti yenye kuandikwa Mama Yannick?"

"Mama Yannick," akajibu Mama Yannick.

Kabongo akazikataa zote, akamdai Damas bei yake, akaondoka.

"Nani aliandika?" Damas akapiga kelele. Wanawake kumi na wawili wakatazama maji.

Nikatoka kibandani. Msidhani ni ushujaa. Nilikuwa nimebanwa na mkojo tangu saa tatu.

"Ni weye?"

"Nilifikiri utafurahi, patron."

Akanyoosha shati. "Orpha, uko na miaka ngapi?"

"Kumi na sita."

"Kumi na sita! Haujue kama batoto habaruhusiwe kutumika hapa? Ni sheria! Toka!"

Miaka mitatu niko chini ya macho yake, na siku hiyo ndiyo sheria ilinikuta.

Mtaani wanasema Orpha alimchezea patron akili ili bamama wabaki na buti. Wiki nzima nilitembea shingo imesimama. Halafu, nikimvua Tantine buti, nikamwambia ukweli. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe ulitaka kivuli!"

"Ndiyo, Tantine."

"Kivuli ya Damas!"

"Ndiyo."

Akaacha kucheka. "Na karai yako sasa ni minye naosha."

Ni kweli. Anaosha ya watu wawili, anarudi amechelewa, na mimi ninapika. Bukari yangu ina mabonge.

Jumatano muuguzi alibonyeza kile kidonda. Tantine hakupiga kelele. "Bonyeza tena," akamwambia, "mule hamuna kitu." Ngozi mpya imeshaanza kuota, ya rangi nyingine, laini kama ya mtoto. Tulipotoka akanipa buti nizibebe, akavaa kandambili, akatembea polepole kama mtu wa likizo.

"Kesho kuko magunia ine," akasema. "Mbili ya minye, mbili ya weye."

Nikasema nitawahi kupika. Akasema afadhali nisipike.