Ulimi Uliozoea Chumvi

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo sana. Tik. Halafu kimya cha kumeza mate mara mbili, halafu tik nyingine.

Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Pampu zimenyamaza, feni zimesimama, na mgahawa ulikuwa bado haujafunguliwa. Nilikuwa nimebandika sikio kwenye kioo cha lile tangi kubwa, nasikiliza konokono wa baharini wakiachia ukuta na kuangukia mawe ya chini, mmoja mmoja. Konokono wale walikuwa wameng'ang'ania kioo wiki na wiki, ukitaka kumbandua mmoja lazima utumie kucha. Siku hiyo walikuwa wanaachia wenyewe. Nilihesabu mpaka tisa, nikaacha. Nilikuwa najua kwa nini wanaanguka, na Singida nzima hakuna mwingine aliyejua.

Wakati huo nilikuwa mhudumu kwenye mgahawa mmoja pale mjini. Kidato cha nne nilimaliza kwa matokeo ambayo mama aliyakunja akayaweka chini ya godoro, hakuyataja tena. Lakini mimi si mtu wa kukaa na huzuni. Nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, na kila nikipata nafasi naangalia video za chini ya bahari, samaki wa rangi wanapita juu ya matumbawe kama maua yanayopumua. Bahari yenyewe sijawahi kuiona kwa macho. Nikiwaambia wenzangu wa jikoni kwamba siku moja nitazamia, wananiuliza nitazamia wapi, kwenye sufuria la supu?

Mwenye mgahawa tulimwita Mzee, ingawa ndevu zake zilikuwa nyeupe nusu tu. Babu yake alitoka Tanga akaja huku bara kufanya biashara, akaoa Mnyaturu, hakurudi tena. Mzee alipopanua ukumbi wa chakula alisema ukuta mmoja utakuwa bahari. Tulidhani ataleta mchoraji. Kilichokuja kwenye lori ni tangi la kioo refu kuliko vitanda viwili vilivyounganishwa, linalomeza karibu lita elfu moja, pamoja na mawe ya baharini yaliyofungwa kwenye magunia mabichi, na fundi mmoja kijana wa Tanga aliyekuwa anayagusa yale mawe kama anagusa mgonjwa.

Fundi alikaa nasi miezi miwili kasoro. Mzee alitaka samaki waingie siku ile ile, fundi akakataa. Alisema maji yanaonekana masafi lakini hayajakomaa, yaachwe na mawe peke yake wiki sita. Mzee alinuna, wateja wakawa wanauliza kama hayo mawe ndiyo kitoweo cha leo, lakini fundi hakuyumba. Wiki ya saba ndipo wakaja samaki kwenye mifuko ya nailoni, na matumbawe, na konokono. Wawili kati ya wale samaki walikuwa na rangi ya chungwa na mistari myeupe, jike na dume, na hawakuachana hata hatua moja. Hao ndio nilijisemea moyoni kuwa ni wangu.

Fundi alinichagua mimi nilitunze tangi kwa sababu, alivyosema, katika watu wote wa pale ni mimi tu niliyemuuliza kama samaki wanalala. Alinionyesha mapipa mawili nyuma ya jiko. Moja la maji yaliyochujwa, hayana kitu. La pili la maji aliyochanganya na chumvi maalumu ya gunia, ya kubadilishia kila Ijumaa. Akanipa kipimo cha kioo, chembamba kama kalamu, kinachoelea. Kikisimama kwenye mstari wa kijani, chumvi iko sawa. Akasema maji yakipungua kila siku niongeze yale yaliyochujwa. Aliondoka na basi la asubuhi. Mzee alikuwa amemsifia sana kwa rafiki yake mwenye hoteli Dodoma, na kazi ya tangi la pili ilikuwa inamsubiri huko.

Siku ya nne nilivunja kipimo. Niliking'arisha kwenye sinki, kikateleza, basi. Nikakusanya vile vigae nikavifunga kwenye karatasi nikavitupa jalalani kabla mtu hajaingia. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake Mzee alikuja na wageni kuwaonyesha tangi, akaniita mbele yao "daktari wetu wa bahari". Ungekuwa wewe ungesema?

Tena nilijua njia nyingine. Mimi ni mtoto wa Unyambwa, na ziwa letu lina chumvi. Shangazi yangu anakwangua udongo mweupe wa pembeni mwa ziwa, anauchuja, anachemsha maji yake mpaka yabaki chumvi. Hana kipimo. Anachovya kidole, anaonja, anasema bado, au anasema tayari, na hajawahi kukosea. Mimi tangu mdogo nilikuwa naonjeshwa naye. Kwa hiyo kila asubuhi nilichovya kidole kwenye tangi, nikaonja, nikasema iko sawa. Niliona hata raha kidogo, kama vile kwetu na baharini ni majirani.

Sasa kiangazi cha Singida unakijua. Upepo unakausha nguo kabla hujamaliza kuanika, midomo inapasuka, na lile tangi lilikuwa wazi juu. Nusu ndoo ilikuwa inapotea kila siku. Nilisimama kati ya yale mapipa mawili nikiwaza. Fundi alisema mwenyewe kwamba maji ya kawaida yanawaua viumbe wa bahari. Nikawaonea huruma. Mtu katoka baharini, umwagie maji ya bomba? Nikasema fundi alipitiwa, nikachota kwenye pipa la chumvi. Nusu ndoo leo, nusu ndoo kesho.

Mtoto wa ziwa la chumvi, nilishindwa kukumbuka kitu ambacho kila kiangazi nilikuwa nakiona kwa macho yangu: maji yanapanda hewani, chumvi haipandi. Inabaki pale pale inangoja.

Dalili zilianza polepole, na kila moja niliipatia maelezo mazuri. Ukingo wa kioo ukaota unga mweupe, nikafuta, asubuhi umerudi. Tumbawe la zambarau likaacha kufunguka mchana, nikasema limechoka. Kaa mdogo aliyekuwa chini ya jiwe akatoka, akapanda bomba mpaka juu kabisa ya maji, akakaa hapo siku mbili, siku ya tatu nikamkuta sakafuni chini ya meza ya wateja, mkavu. Nilimwambia mama wa jikoni kwamba kaa ni watoro. Mama wa jikoni hakucheka. Alisema tu kwamba ile harufu ya tangi siyo ya mwanzo.

Na mimi kila asubuhi naonja, naona iko vile vile. Ulimi unaoonja kila siku hauhesabu ngazi, chumvi ikipanda unabebwa nayo. Hilo sikulijua.

Gunia la chumvi ya Tanga, nililokuwa nachanganyia maji ya lile pipa, lilikuwa la miezi mitatu. Likaisha kwenye wiki ya sita. Nikampigia fundi kumwomba jingine.

"Dada, limeishaje?"

Nikasema labda lilikuwa pungufu.

"Kipimo kinasoma wapi?"

"Kwenye kijani."

"Una uhakika?"

"Kijani kabisa, kaka."

Akasema ataagiza gunia Tanga lije kwa basi, litachukua siku nne. Nilipokata simu nikaenda kuhudumia meza ya tatu huku natabasamu.

Siku nne niliziona nyingi. Nikapanda pikipiki mpaka kwetu. Shangazi nilimkuta nje anapepeta. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu, akacheka mpaka akakaa chini.

"Samaki wa tajiri wanakula chumvi kunishinda mimi?"

"Shangazi, nipe hata kisado kimoja."

"Chukua. Ila hii ya kwetu ina magadi, maharage yanaiva nayo haraka. Hao samaki wako msije mkawaivisha."

Nikacheka naye. Nilicheka kweli, hicho ndicho kinaniuma mpaka leo.

Jioni hiyo nikaichanganya kwenye ndoo, nikaonja, nikaridhika, nikamimina. Maji ya tangi yakapauka hapo hapo, yakawa kama maji ya kuoshea mchele. Nikadhani ni vumbi litakalotulia. Sikutulia mimi. Niliota nakoroga uji kwenye tangi na uji unanitazama.

Asubuhi yake ndiyo umeme ukakatika, na konokono wakaanza kuanguka.

Mzee alifika kama saa nne, jenereta imeshawashwa. Akasimama mbele ya ule ukuta wake. Matumbawe yalikuwa yamejifunga, mengine yanachuruzika ute. Samaki wanne walikuwa wamelala ubavu. Yule jike wa rangi ya chungwa alikuwa amekufa, na dume anamsukuma kwa pua, anarudi juu kuvuta hewa, anashuka tena kumsukuma.

Mzee hakunigeukia hata kidogo. Alitoa simu, akampigia fundi, akaweka sauti ya nje mbele ya wafanyakazi wote. Alimwambia ameletewa uchafu. Fundi alijaribu kuuliza kuhusu chumvi, Mzee akamkatisha, akamwambia huyu binti anapima kila siku na kipimo kiko kwenye kijani, kwa hiyo asimsingizie. Alinitetea. Kila neno alilonitetea nalo lilikuwa linamwangukia mwingine.

"Nikitoka kuswali adhuhuri," Mzee akasema, "nampigia yule wa Dodoma nimwambie wewe ni tapeli."

Akakata. Akatoka kwenda msikitini.

Sijawahi kuona adhuhuri fupi kama ile. Mama wa jikoni alinipa chai, nikaishika mpaka ikapoa. Hakuna aliyenishuku. Ningeweza kukaa kimya nikazeeka na kimya hicho, fundi akakosa kazi Dodoma, na kazi nyingine baada ya hiyo, bila kujua alikosea nini, kwa sababu hakukosea. Nilikuwa naiona njia hiyo wazi kabisa, laini, haina hata jiwe. Hiyo ndiyo ilinitisha kuliko konokono.

Mzee aliporudi nilikuwa mlangoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Si uliniamkia asubuhi?"

"Usipige simu Dodoma. Kipimo nilikivunja siku ya nne. Nilikuwa naonja kwa ulimi, naongeza chumvi juu ya chumvi. Jana nikatia na ya ziwani. Fundi hana kosa. Nimewaua mimi."

Alikuwa ameshika kofia yake mkononi.

"Kipimo," akasema, kama mtu anayetaja jina la mtoto aliyepotea. "Kitu cha kununua tu, na mimi ningekununulia siku ile ile." Halafu akasema mpigie wewe mwenyewe, umwambie hayo hayo, nasikia.

Nikampigia fundi. Nilieleza bila kupumzika, nikitegemea matusi. Hakunitukana. Aliuliza tu nani bado anapumua. Nikamwambia yule dume wa rangi ya chungwa, na samaki mdogo mmoja wa buluu. Akasema nijaze beseni kubwa kwa maji ya tangi lenyewe, niwahamishie humo na mpira wa kupulizia hewa, na chumvi yao nishushe taratibu sana, kikombe natoa, kikombe naingiza, cha maji yaliyochujwa. Nikiharakisha nitawamaliza. Hakuahidi kama watapona. Mwishoni akaniambia kwamba samaki wake yeye wa kwanza kabisa aliwaua kwa joto, kumi na moja, na hakumwambia mtu yeyote mwaka mzima. Akakata.

Mzee alinivua kazi ya tangi siku hiyo hiyo, na ilikuwa haki. Dodoma hakupiga. Aliwaambia wafanyakazi kwamba kuanzia kesho nipo kwenye vyombo, na tangi litafunikwa shuka mpaka fundi apate nafasi ya kuja. Lakini beseni hakusema kitu juu yake, na mimi sikuuliza. Ukumbi ulifungwa mchana ule, wenzangu wakaruhusiwa kwenda.

Yule wa buluu alikuwa amekufa kabla ya alasiri.

Dume alibaki amesimama karibu na ukingo wa beseni, mashavu yanafunguka na kufungika haraka haraka. Nilikaa sakafuni. Nikachota kikombe kimoja cha maji yake, nikakimwaga kwenye ndoo. Nikachota kimoja kwenye pipa la maji yaliyochujwa, nikakishusha ukingoni kwa kukiinamisha kidogo kidogo, maji yakaingia bila kumgusa. Nikaweka kikombe chini, nikangoja.