Televisheni ya Mama Mkwe

Katika miaka ishirini na sita ya ndoa yake, Ichinhorloo alikuwa amehama zaidi ya mara mia moja, na hakuwahi kuvunja kikombe. Majirani waliompita njiani, hema lake likiwa limekunjwa juu ya lori na kundi la yaki, ng'ombe wa manyoya marefu, likitangulia, walizoea kusema kwamba mwanamke yule angeweza kulihamisha yai kutoka mlima mmoja hadi mwingine bila kulifunga. Yeye hakuona ajabu yoyote. Aliamini kwamba kitu huvunjika kwa sababu aliyekifunga hakukifikiria, na hakukifikiria kwa sababu hakina kazi ya kutosha. Kwa hiyo alijiwekea kanuni moja: kitu chenye kazi moja tu hakipandi lori. Sanduku la nguo lilikuwa kiti mchana na kizuizi cha upepo usiku. Sufuria kubwa ilipikia nyama, na njiani ilibeba unga. Kochi alilopewa na dada yake wa mjini alilipokea kwa shukrani, akalikalia majira mamoja ya joto, kisha akalirudisha kwa shukrani zile zile.

"Lina ubaya gani?" dada yake aliuliza.

"Halina ubaya. Linajua kukaliwa tu."

Televisheni ilikuwa na kazi tatu, na ndiyo maana ilipewa nafasi ambayo kochi lilinyimwa. Ilitangaza hali ya hewa baada ya habari za jioni kutoka mji mkuu, Ulaanbaatar, ilitoa saa kamili, na ilizungumza na mama mkwe. Njiani ilisafiri ndani ya godoro la mama mkwe huyo, kioo kikiwa kimegeukia mito, na dishi likilala juu ya mgongo wa sufuria kubwa kama bakuli juu ya bakuli. Hema likishasimamishwa, iliwekwa kaskazini, mkabala na mlango, upande wa heshima wanapokalishwa wageni, karibu na picha za marehemu na taa ya ibada inayowashwa kwa siagi. Hakuna aliyeinyooshea miguu.

Mama mkwe, Bi Yanjiv, alikuwa na umri wa miaka themanini na mitatu. Magoti yalikuwa yamemwacha lakini ulimi ulibaki. Wengine walipotoka na mifugo alfajiri, yeye alikaa na televisheni, akawasahihisha wasomaji wa habari, akamkanya mwimbaji aliyevaa nguo nyepesi katika majira ya baridi. Vuli ya mwaka uliotangulia, king'amuzi kilipoharibika, alikaa siku nne katika ukimya. Siku ya tano alitoka, akatambaa na fimbo yake kuelekea mahali aliposema amesikia watu wakizungumza, akaokotwa ng'ambo ya kilima cha pili huku theluji ya maji ikimnyeshea. Hapakuwa na watu. Palikuwa na kijito.

Ndiyo maana, vuli hii nyasi zilipopungua na familia ikaamua kwenda safari nyepesi ya kutafuta malisho, hema dogo na vitu vichache kwa siku arobaini ng'ambo ya mlima, mwanawe wa kwanza, Luvsandash, alikataa mama kwenda.

"Atakwenda mjini kwa binti yangu," alisema. "Kuna jiko, kuna kuta, kuna wa kuzungumza naye."

"Mjini nitakufa nikiwa safi," Bi Yanjiv akasema. "Niacheni nife nikinuka kondoo."

"Mama, nani anazungumzia kufa?"

"Wewe. Umezunguka tu."

Mwisho walikubaliana, na kila mmoja aliyakubali masharti mbele ya mwenzake. Dereva Jargal angewaletea chumvi na nyasi kavu siku ya nne. Ikiwa siku hiyo televisheni inasema, mama atabaki. Ikiwa kimya, mama atapanda lori na kurudi na dereva, na asiwepo wa kulalamika. Sambuu, mume wa Ichinhorloo na mdogo wa Luvsandash, alitikisa kichwa kukubali, kama alivyokubali mambo mengi maishani mwake.

Walifika bonde jipya jioni yenye ukungu mzito, mlima hauonekani na jua halijulikani liliko. Kila hema la Wamongolia hutazama kusini, na kulisimamisha kwa usahihi ni sifa ya mwanamume. Luvsandash hakuvaa saa wala hakubeba dira tangu utotoni. Aliisoma saa kutokana na mwali wa jua unaoingia kwa tundu la duara katikati ya paa na kutembea ukutani, kwanza upande wa wanaume, magharibi, kisha upande wa heshima wakati wa adhuhuri, kisha upande wa wanawake, mashariki. Alikitazama kijito, akaweka kizingiti cha mlango kuelekea kinakotiririkia.

"Ungesubiri asubuhi, kaka," Sambuu alisema.

"Nisubiri nini? Kijito chetu cha nyumbani kinakwenda kusini, na hiki ni mwana wa mlima ule ule. Shika kamba."

Ichinhorloo naye alishika kamba. Asubuhi, mawingu yakiwa bado yamefunika bonde kama kifuniko, alifanya alivyofanya kila mahali. Alisimama mgongo ukiuelekea mlango, akanyoosha mkono, akapima ngumi mbili kushoto kwa mstari wa mlango, akaliinua dishi kimo cha kiganja na nusu juu ya upeo wa macho. Kwa njia hiyo alikuwa akiipata picha kabla chai haijachemka.

"Mama, inasema nini?"

"Inasema haina mawimbi," Bi Yanjiv alijibu kutoka ndani.

Alisogeza ukucha mmoja kushoto. "Sasa?"

"Bado haina. Na inalisema jambo hilo kwa lugha nzuri sana."

Alisogeza ngumi nzima kulia, kisha ngumi nzima kushoto, taratibu, akingoja kila hatua. Betri haikumruhusu zaidi. Sola chini ya mawingu iliijaza kidogo tu, na baada ya nusu saa kioo kilizimika. Siku ya pili ikawa vile vile. Siku ya tatu vile vile.

"Shemeji," Luvsandash alisema akinywa chai, "hilo sanduku lako limekufa au limesusa?"

"Limesusa, kaka. Limeona ugeni."

"Basi libembeleze. Kesho Jargal anakuja."

Alisema kwa mzaha, lakini hakumtazama mama yake aliposema. Bi Yanjiv alikuwa akilalamikia upepo. Kule nyumbani, alisema, upepo wa magharibi hupita ubavuni mwa hema na kwenda zake. Huu wa huku hauna adabu, unakuja hadi mlangoni na kusukuma moshi ndani. Ichinhorloo alimfunika miguu, na alisikia, lakini mawazo yake yalikuwa kwenye nyaya.

Siku ya nne kulipambazuka bila wingu. Luvsandash hakutaka kuurefusha uchungu. Kabla ya kwenda kwa kondoo alilifungua dishi mwenyewe, akaifunga televisheni ndani ya godoro, akaliweka pamoja na mzigo wa mama karibu na mlango. Dereva Jargal alifika, akashusha chumvi, akasema kwamba ni lazima aondoke saa nane, au sivyo atalikuta giza kwenye barafu ya kilele. Bi Yanjiv alivaa joho lake la safari, akakaa juu ya mzigo, fimbo yake ikiwa mapajani.

Ichinhorloo alikuwa akikata nyama ya safari alipoutazama ukuta. Mwali wa jua ulikuwa kwenye tandiko la farasi, upande wa wanaume.

"Jargal, ni saa ngapi?"

"Saa saba kasoro dakika tano."

Saa saba kasoro, na mwali ungali juu ya tandiko. Katika vuli, saa saba, ulipaswa kuwa upande wa heshima, juu ya nafasi tupu ilipokuwa televisheni. Alitoka nje. Aliangalia kivuli cha mti wa kufungia farasi, kisha mstari wa mlango. Alinyoosha mkono na kupima. Mlango ulikuwa umepotoka ngumi mbili na nusu kuelekea magharibi. Basi naye alikuwa amelielekeza dishi kwa usahihi kamili kutoka kwenye mlango usio sahihi, siku tatu, akiilaumu mashine. Upepo haukuwa na kosa, wala mawimbi.

Sasa alijua, na hilo halikutosha. Mke wa mdogo hamwambii kaka wa mume kwamba amekosea, seuze mbele ya mgeni, seuze kuhusu mlango. Akimwambia Sambuu, Sambuu angenyamaza hadi lori livuke mlima. Akilisimamisha dishi mwenyewe, baada ya mkubwa kulifungua kwa mkono wake, angekuwa amelitamka kosa kwa sauti kubwa kuliko maneno. Na mtu aliyeaibishwa mbele ya wageni huyashikilia mapatano kwa meno, hata yakimuumiza mama yake.

Akarudi ndani, akachemsha chai ya chumvi, akaongeza maziwa mengi kuliko kawaida, kisha akangoja.

Luvsandash aliingia na Sambuu wakati mwali umeshaacha tandiko na kusimama katikati ya upande wa heshima. Ichinhorloo alimpa bakuli kwa mikono miwili.

"Kaka, dereva ana haraka na mimi nyama haijaiva. Tuna muda gani? Wewe ndiye unayejua bila kuangalia mkono."

Luvsandash aliinua macho ukutani, akaridhika. "Adhuhuri kamili. Saa saba. Ile nyama, hata ingekuwa ngamia mzima ingeiva."

"Saa nane na robo, mzee," Jargal alisema. "Nilipaswa kuwa nimeshaondoka."

"Saa yako ina homa."

"Na ya simu pia ina homa?" Jargal aliitoa mfukoni.

"Vyote ni vya duka moja."

Ichinhorloo aliinama kumimina chai, asionyeshe uso. "Kondoo wamefanya nini, kaka?" aliuliza polepole, kama mtu anayeuliza habari za watoto.

"Wamekunywa maji, wamelala, na sasa hivi wame..." Bakuli likasimama karibu na mdomo. Katika siku hizi za vuli kondoo hunywa adhuhuri, hulala muda wa kuchemsha chungu cha nyama, kisha huinuka. Hakuna aliyepata kuwaambia kondoo wavae saa. "Wameinuka," alimalizia.

Aliutazama mwali tena, na safari hii muda mrefu. Aliweka bakuli chini akatoka. Kupitia mlango walimwona akisimama, akilitazama jua, akiutazama mlango, akikitazama kijito kilivyojipinda kuelekea magharibi kama mtu anayekwepa deni.

Alipoingia hakumtazama yeyote.

"Shemeji," alisema, "wewe hupima vipi lile dishi lako?"

"Ngumi mbili kushoto kwa mlango, kaka."

"Mlango wa wapi?"

"Mlango wowote unaotazama kusini."

Bi Yanjiv, juu ya mzigo wake, alikuwa ameanza kuelewa, na uso wake ulikuwa ukifanya kazi kubwa ya kutocheka.

"Kijito hiki ni mwanaharamu," Luvsandash akasema. "Sambuu, niletee dishi. Na nyaya. Mama, inuka hapo, unakalia televisheni."

"Lakini nimeshavaa," mama yake akasema.

"Vua."

Alilisimamisha mwenyewe. Hakuupima mlango, alipima kwa mkono wake kutoka kivuli cha mti wa farasi, akitoa mwendo wa jua tangu adhuhuri, ngumi mbili kushoto kwa kusini ya kweli, naye Ichinhorloo alikaa ndani akishika rimoti bila kumkosoa wala kumharakisha. Betri, baada ya jua la nusu siku, ilikuwa na nguvu. Kioo kiligeuka buluu, picha ikakatika vipande vipande, kisha akatokea mwanamume mwenye tai, akizungumza habari za bei ya sufu.

"Inasema nini?" Luvsandash aliuliza kutoka nje.

Ichinhorloo alimwachia mama mkwe ajibu.

"Inasema umechelewa," Bi Yanjiv alijibu. "Na huyu bwana, tai yake imepinda kama hema letu."

Jargal alicheka hadi akamwaga chai. Luvsandash, aliyesimama mlangoni akiwa na bisibisi mkononi, alifikiri kidogo, kisha naye akacheka, na baada ya hapo hapakuwa tena na aibu ya kuficha. Aliubeba mzigo wa mama yake na kuurudisha kitandani. Dereva alipewa nyama ambayo haikuiva sawasawa, akafukuzwa kwa upole ili aivuke barafu kabla ya giza, na kiti cha abiria kikaondoka kitupu.

Kesho yake, baada ya kukamua, ndugu wawili walilivua hema na kulisimamisha upya pale pale, mlango ukitazama kusini. Kazi hiyo ilichukua muda usiozidi saa moja. Hapakuwa na aliyeeleza sababu, na Ichinhorloo alifunga kamba alizoambiwa azifunge. Bi Yanjiv alikaa nje juu ya sanduku, katikati ya nyasi na vyombo, televisheni ikiwa mapajani mwake, mikono yote miwili ikiizunguka. Sambuu alipokuja kuipokea, alimwambia asubiri. Kwanza waweke ukuta.