Kibuyu cha Koko

Ukame wa mwaka wa 2000 ulinikuta Kitengela, Mkamba mgeni, mzee wa kanisa mwenye mahubiri marefu. Jumapili moja nikaona jikoni mwa kanisa kibuyu cha maziwa yenye chembe nyeusi. Uchafu! Nikayamwaga, nikasugua kibuyu kwa sabuni.

Baada ya ibada akaja Koko Naserian, nyanya wa Kimasai aliyebaki na ng'ombe mmoja tu.

“Mzee, nipe kibuyu changu cha maziwa nipelekee yule mama amejifungua.”

Akanusa sabuni. Nikamweleza, nikijisifu, habari ya zile chembe.

“Hiyo ni makaa. Sisi tunaosha kibuyu nayo,” akasema polepole. “Si neno. Nyumbani kuna maziwa yangu ya chai, nitampelekea hiyo.”

Kisha akanishika mkono.

“Leo umehubiri vizuri sana juu ya kupenda jirani.”