Daftari la Wanaoaga

"Sista, hapa kuna sahihi yako. Uliaga. Mtu aliyefukuzwa anaaga?"

Nilimweka mwanangu juu ya meza ya afisa, kati ya muhuri na chupa yake ya maji. Nikafungua kanga niliyombebea, nikaitandaza juu ya mafaili. Mwanangu ana miezi kumi na moja. Akauchukua muhuri, akautia mdomoni.

"Sasa unafanya nini?" afisa akauliza.

"Naonyesha nilichosainia."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Mwanamume mmoja akasema, "Mwacheni dada wa watu, leo katuletea kanga." Wakacheka. Mie sikucheka. Nilikuwa nimefika pale mara ya tano, na mara nne za kwanza nilikuwa mpole kupita kiasi. Nilimwamkia hadi binti wa mapokezi, ambaye mie nimemzidi umri.

Nilikuwa nafuatilia mafao ya kukosa ajira, yale iliyoyaweka serikali kwa mtu aliyeachishwa kazi bila kosa lake. Aliyeacha mwenyewe hapati. Sheria ndiyo hiyo, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba kwenye kompyuta yao mie nimeacha mwenyewe.

Nilifanya kazi miaka sita kwenye kiwanda cha kanga huku Temeke, kitengo cha ukaguzi. Kanga inapita mezani, mie natazama kama pindo limekaa sawa na rangi haijavuja. Mpaka leo siwezi kukaa msibani bila kukagua kanga za wenzangu.

Kisha zikaja za kwenye meli. Mfanyabiashara ananunua doti moja ya toleo letu jipya, anaipiga picha, anaituma nje. Kabla sie hatujamaliza kuuza mzigo, ileile imeshashuka bandarini, nyepesi kama chandarua, na bei yake sie tusingenunulia hata uzi. Mama yangu mzazi alinunua mbili. Nikamuuliza, mama, hata wewe?

"Kwani nyie mnanipa bure?" akasema.

Nikazikunja zote mbili, nikamrudishia.

Siku ya mwisho meneja alitukusanya getini. Akasema soko limetushinda, wakaguzi na wapiga chapa tusirudi Jumatatu. Barua zitafuata. Akaingia kwenye gari. Ndipo akatoka msimamizi wetu, mama wa Kimakonde aliyenifundisha kazi kwa kunifokea, na mkononi ana daftari.

Kiwandani kwetu mtu akiondoka kwa heri, labda anastaafu au anamfuata mume Songea, anapewa doti moja na anasaini daftari. Juu ya kila ukurasa pameandikwa: Wanaoaga. Msimamizi hakutaka tutoke mikono mitupu. Akatutolea stoo doti zilizogoma kuuzika, za kahawia, jina lake "Mgeni njoo mwenyeji apone". Sikulichagua mie.

Tukapanga foleni. Mtu mzima anakukabidhi kanga kwa mikono miwili, machozi yanamlenga. Huwezi kuanza kusoma ukurasa umeandikwaje juu. Tulisaini wote. Mie nilisaini kwa mwandiko mzuri, nikasema asante.

Barua hazikufuata. Mafao yalipoulizwa, meneja akapeleka ofisini kivuli cha daftari.

"Wewe nenda kwenye mafunzo ya sabuni ya maji," afisa alinishauri, huku akimnyang'anya mwanangu muhuri. "Serikali imewaandalia."

"Nilishaenda."

"Basi uza."

"Nimuuzie nani? Mtaa mzima tulienda."

Mwenye nyumba wangu wa Chamazi alikuwa ameshanipa mwezi wa mwisho. Mafao yasipotoka, narudi Tabata kwa mama, chumba kimoja na kaka zangu wawili, na mtoto ndo kwanza anajifunza kusimama. Nikamwambia afisa hivyo.

Akasema, "Kama una malalamiko, andika."

"Nipe karatasi."

"Karatasi unakuja nayo."

Nikaenda kwa msimamizi. Nilimkuta uani kwake anachambua mchele. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaweka ungo chini.

"Kumbe niliwafukuza mimi," akasema.

"Wewe ulitupa zawadi, mama. Aliyetufukuza alipanda gari."

"Leta hiyo karatasi. Na usiandike kama unaimba taarabu. Andika kama unakagua."

Nikaandika kama nakagua, nikapeleka, wakagonga muhuri wa kupokea. Niliandika hivi:

YAH: MALALAMIKO YA KUANDIKWA NIMEACHA KAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi nilikuwa mkaguzi wa kanga. Sikuacha kazi. Meneja alitamka getini, mbele yetu sote, kwamba tusirudi. Sababu aliyoitaja ni kushindwa soko na kanga za nje. Barua aliyoahidi sijaipata.

Sahihi iliyopo ofisini kwenu ni ya kupokea doti moja ya kanga. Aliyenikabidhi ameshuhudia hapa chini kwa sahihi yake. Daftari lile si barua ya kuacha kazi, halina tarehe ya kuacha wala sababu. Afisa wenu alilisoma kichwa tu.

Naomba kumbukumbu zangu zisahihishwe zisomeke kwamba nimeachishwa, na mafao yangu yashughulikiwe. Naomba pia nijibiwe kwa maandishi. Ya mdomo nimeshayasikia.

Naambatanisha kanga hiyo, kipande kimoja, kwa ukaguzi. Pindo liko sawa, rangi haijavuja. Kipande cha pili sikuambatanisha kwa kuwa kinambeba mtoto. Cha kwanza nitakifuata.