Molo ya Riyadh

Kilima cha kwetu kinaitwa kwa jina la dada wa mzungu mmoja. Nyanya yangu, aliyechuma pareto hapo, alitusimulia kwamba mzungu huyo alipanda juu, akatazama bonde la watu wengine, akamkumbuka dada yake aliyebaki Ulaya. Basi, kilima kikawa cha dada. Hakuuliza mtu. Dada mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika, lakini jina lake liliingia kwenye ramani, na lile la kwetu likabaki midomoni mwa wazee. Nimekasirikia jambo hilo tangu utotoni.

Kisha nikaenda Jeddah, Saudia, kuwa mfanyakazi wa ndani mtaa wa Al-Safa. Katika nyumba ya jirani alikuwemo Mkenya mwenzangu. Tulionana juu ya paa tu, tukianika nguo, ukuta katikati. Hatukuruhusiwa kutoka, kwa hiyo mji tuliujua kwa macho. Majina yake hatukuambiwa, nasi tukaupa ya kwetu. Barabara ya malori ikawa Mlolongo, kama ule mji wa malori wa kwetu. Kichochoro kilicholeta upepo wa jioni yeye akakiita Molo, mji wa baridi ambako ni kwao, akacheka hadi vibanio vikamponyoka.

"Sasa mimi ndiye mzungu," alisema.

Waajiri wake wakampeleka Riyadh kwa ndugu zao. Miezi ikapita kimya. Mchana mmoja akanipigia kwa simu aliyokuwa ameificha, sauti chini.

"Sista, mi ni mgonjwa sana. Madam amenifungia, hosi mafi, hataki niende hospitali. Tafuta mtu anitoe."

Kule Riyadh nilimfahamu dereva Mkenya aliyekuwa amewasaidia wengi.

"Nitamtuma mtu saa hii. Uko mtaa gani?"

"Karibu na Molo."

"Molo si iko huku Jeddah!"

"Hata hapa nimepata Molo. Kwa dirisha naona miti..."

"Wachana na Molo! Wenyewe wanapaitaje?"

Akaanza kulia. "Hakuna mtu aliniambia."

Akanieleza anachokiona: msikiti, duka la dawa, matangi ya maji juu ya mapaa. Riyadh nzima ni misikiti, maduka ya dawa na matangi. Simu ikakatika, na kila nilipoipiga tena ilikuwa imezimwa.

Dereva alizunguka Ijumaa nyingi bila kumpata. Nilimsihi madam wangu awaulize wale majirani waliompeleka. Walisema alitoroka. "Halas," madam akaniambia, yaani yameisha, nirudi jikoni. Nililia huku nikikata vitunguu, asijue ni kwa ajili ya nini.

Sasa niko nyumbani. Kibao cha kilima kimepakwa rangi upya, na mtoto yeyote atakuonyesha kilima kilipo, kwa jina la mwanamke ambaye hakuwahi kufika. Rafiki yangu alifika Riyadh. Alipatazama mahali kwa dirisha, akapaita Molo, na mpaka leo sijui ni wapi.