Finali ya tenisi nilisikilizaka mu pori

Leo mudomo yangu imeniponza.

Kwa yaya Amisi, mukubwa wangu, hapa Baraka, televizyo ilionyesha historia ya ile mashindano ya tenisi ya Paris, ya banaume, yenye banachezaka ndani ya nyumba kila mwaka.

Bakafika ku finali ya mwaka tulikimbia vita.
Nikasema: "Huyu atapoteza seti ya kwanza, kisha atashinda."
Ikakuwa vile.

Yaya akanigeukia:
"Tulikuwa mu pori ya Kilembwe. Ulituambia mabuye ya redio imeisha!"

Zile betri iliisha kweli. Mi ndiye niliimaliza na ile finali.
Kwa hiyo hatukusikia habari kwamba barabara ilifunguka. Tukapandisha mama mulima, na homa yake.

Mama alikuwa pale pale, anapepeta muchele. Akaniuliza polepole:
"Basi, ile finali ilikuwa muzuri?"

Bandugu, nimujibu nini?